Vumbi, Shangazi na Ubao wa Herufi

Maneno yalimfikia mshona viti siku ya Jumanne, akiwa amepiga magoti juu ya kiti cha basi, sindano ndefu ameibana kwa midomo. Muuza spea wa duka la jirani, mwanamke ambaye hajawahi kusema kitu kwa sauti ndogo, alisimama mlangoni mwa karakana, akaegemea marobota ya sponji.

"Mama, bora ulisikie kwangu. Watu wanasema kaka yako haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni, basi. Wanasema siku hizi anaendesha kwa kuambiwa. Binti yako ndiye macho, yeye amebaki mikono na miguu tu."

Mshona viti akatoa sindano mdomoni, akacheka. "Kaka yangu? Yule anamwona nzi akiwa ng'ambo ya barabara."

"Haya. Mimi nimebeba tu, sikupika." Akaenda zake.

Mshona viti akarudi kwenye kiti cha basi. Akashona mshono mmoja, akaufumua. Akashona tena, ukaenda upande. Jioni alipofagia vipande vya nyuzi na reksini, alitamani ayafagie na yale maneno, lakini yalikuwa yamemganda kama gundi ya viatu. Maana binti aliyetajwa ni mtoto wake wa pekee, mwalimu wa hesabu, na baada ya wiki tatu binti huyo alikuwa akae siku tisa ndani ya gari la mjomba wake, kilomita elfu nne za mawe, mito mikavu na milima, kwa mwendo ambao mama mtu hakutaka hata kuufikiria.

Kaka yake alikuwa na miaka sabini na moja. Mji mzima ulimwita Vumbi, tangu mbio zake za kwanza kabisa za magari, aliporudi nyumbani amejaa vumbi mpaka kope, na mama yao mzazi, asimtambue, akampa maji ya kunywa na kumuuliza, "Baba, umetokea wapi?" Gari lake lilikuwa la zamani kuliko mpwa wake, la umbo la sanduku, taa za mviringo, boneti imepigwa rangi mara nane. Watoto wa ukoo waliliita Shangazi. Kwenye kila shughuli ya familia lilitafutiwa kivuli kabla ya wageni, na ole wake aliyefunga mlango kwa nguvu. "Usimpigie Shangazi mlango!" Vumbi alikuwa akipaza sauti kutoka huko alikokuwa, hata kama ana tonge mdomoni.

Mbio zenyewe zilikuwa za magari ya zamani tu. Gari jipya haliruhusiwi. Kwamba dereva naye awe wa zamani, hilo halikuandikwa popote, ila ndio waliobaki. Walikuwa kumi na mmoja, wenye migongo mibovu na masharubu meupe, wanaojuana tangu ujana, wanaotukanana kwa mapenzi kila wanapokutana. Kila mmoja ana msomaji wake. Msomaji hukaa kando ya dereva na daftari mapajani. Kabla ya mbio, wawili hao hupita njia polepole na kuandika kila kona kwa namba, na mita za kufikia inayofuata: moja ni kona ya kukaribia kusimama, sita ni kona ya kupita bila hata kukunja uso. Siku ya mbio msomaji husoma kwa sauti, dereva hutii.

Msomaji wa zamani wa Vumbi alikuwa rafiki yake wa utotoni. Mgongo ulipomshinda, Vumbi alimchukua mpwa wake, kwa sababu hesabu hazimsumbui na sauti yake imezoea kupita juu ya kelele za wanafunzi hamsini. Mama mtu alikubali kwa shingo upande. Kilichomtuliza ni neno moja la kaka yake, alilolisema akiwa amekaa pale pale karakana, miguu juu ya kigoda.

"Mdogo wangu, usiogope. Msomaji haniambii ninachokiona. Hicho nakiona mwenyewe. Ananiambia kilicho nyuma ya kilima."

Sasa akajiuliza: na kama hakioni hata kilicho mbele ya kilima?

Jumatano Vumbi alikuja kuchagua ngozi ya viti vya Shangazi. Alitaka rangi ya kahawia, kama ya kiwandani. Dada yake aliweka marobota mawili mezani, la kahawia chini, la kijani iliyokoza juu. Akasubiri. Aliona aibu, kama mtu anayemtegea mgeni wake.

Vumbi alipitisha kidole gumba juu ya robota la kijani, mara moja, mara mbili. "Hii hii," akasema. "Kahawia yenyewe. Imelainika kama shavu la mtoto."

"Una uhakika, kaka?"

"Mimi na kahawia tumetoka mbali."

Akamletea chai. Vumbi akajimiminia mwenyewe kutoka kwenye chupa, na dada mtu akaona jambo ambalo huenda lilikuwapo miezi mingi: kidole cha shahada kilikuwa kimekunjwa ndani ya ukingo wa kikombe. Chai ilipokigusa, akaacha kumimina.

"Unaungua, kaka."

"Nimezoea injini, mimi. Chai ni nini?"

Lakini alipokuwa anatoka, alimpigia kelele mtu wa baiskeli: "We kijana, tairi lako la nyuma linavuja!" Yule akashuka, akatazama, na kweli lilikuwa linavuja. Mshona viti akashusha pumzi ndefu. Kumbe anaona! Akamcheka hata muuza spea moyoni. Alikuwa anakata ngozi, mkasi uko katikati, ndipo ilipomjia kwamba tairi linalovuja hulia.

Ijumaa binti alileta ovaroli lake la mbio, zipu imeachia. "Mama, naomba unibadilishie. Mimi nawahi, nina madaftari ya darasa zima ya kusahihisha."

Kwenye mfuko wa ovaroli kulikuwa na daftari. Sasa, sheria ya watu wa mbio ni kwamba daftari la msomaji haliguswi na mtu mwingine, hata mke wa dereva. Mama aliijua sheria hiyo. Akaliweka juu ya kabati. Akabadilisha zipu. Akalitazama. Akaenda kunawa mikono. Aliporudi, mkono wake ulikuwa umeshaamua bila kumuuliza.

Aliishia shule ya msingi, lakini kusoma anasoma vizuri, kwa kufuata na kidole. Kurasa za mwanzo zilikuwa za mbio zilizopita. "Kulia tatu. Mia. Kushoto mbili, usikate. Kilima, nyuma yake kulia moja." Sawa. Hivyo ndivyo alivyoelezwa. Akafungua za mwaka huu.

"Kulia tatu. Ukuta mweupe upande wa kulia, usiuguse. Nguzo kushoto, mti mkubwa kushoto. Daraja halina kingo, shika katikati, nitakwambia sasa. Barabara imegawanyika, kaa kwenye nyekundu, nyekundu ni ya kulia. Jua usoni hapa. Punguza. Nitakushika bega."

Akasoma sentensi ile ya mwisho mara tatu. Nani anamshika dereva bega ili ajue jua linawaka?

Ukurasa wa nyuma kabisa ulikuwa wa ajabu zaidi. Hauna kona wala kilima, ni herufi tupu. "Mstari wa kwanza: H. Wa pili: N, K. Wa tatu: D, V, R. Pumua. Wa nne: Z, S, C, O. Wa tano: R, H, N, D, K, polepole, jifanye unakaza macho." Mistari iliendelea mpaka wa saba, na kando ya wa sita: "Hapa kosea moja." Mama akadhani labda ni majina ya vituo vya ukaguzi. Akazikariri bila kukusudia, kwa sababu kila alichosoma kwa kidole kilibaki kichwani.

Jumamosi asubuhi akajikaza, akaenda kliniki ya macho ya mjini. Hakwenda kutazamwa. Alitaka tu kumuuliza muuguzi mtu mzima anawezaje kuficha ubovu wa macho. Lakini muuguzi, kama kawaida yao, hakumpa nafasi ya kufungua mdomo.

"Kaa hapo, mama. Vua miwani. Funika jicho la kushoto. Soma ubaoni, anzia juu."

Mama akatazama ukutani. Bila miwani aliona herufi moja tu, ile kubwa ya juu kabisa. Ilikuwa H.

Akafumba hata lile jicho lililobaki, akasema: "H. N, K. D, V, R. Z, S, C, O." Akashuka mpaka mstari wa sita, mpaka wa saba, macho yamefumbwa kama anayesali.

"Eh!" Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, una macho kunishinda mimi!"

"Mwanangu, ubao huu una miaka mingapi hapo?"

"Mimi nimeukuta. Hata yule muuguzi niliyempokea aliukuta."

"Na madereva wa mbio hupimwa wapi?"

"Hapa hapa. Daktari wao huwaleta kila mbio zinapokaribia. Wazee wacheshi wale! Na macho yao, usiseme. Wote walifaulu."

Mama alitoka bila kuaga.

Binti alimkuta mama yake amekaa kwenye ngazi ya karakana, ameshika tama, daftari liko mapajani. Hakuhitaji kuambiwa kitu. Akakaa ngazi ya chini yake, kama alivyokuwa akikaa zamani akitaka kusukwa.

"Umesoma."

"Nimesoma. Na ubao nimeuona. Nani alikupa zile herufi?"

"Msomaji wa Mzee Koti." Mzee Koti alikuwa dereva mwenzake Vumbi, mtu wa kuvaa koti hata jua likipasua mawe. "Mama, sisi wasomaji hupeana noti. Mmoja akipata njia mpya, anamnakilishia mwenzake. Ndiyo desturi yetu. Yeye alikuwa ameuandika ubao kwa ajili ya mzee wake, akanipa na mimi. Mwanzo ilikuwa utani."

"Ubao wa macho si barabara!"

"Najua."

"Mjomba wako ana nini?"

"Mtoto wa jicho. Yote mawili. Daktari mwingine, wa mbali, alimwambia apasuliwe. Lakini akipasuliwa sasa, mbio zinampita, na mbio ni kila baada ya miaka mitatu. Akaniambia, 'Mpwa wangu, hizi tu, halafu wanitoe hata pua.' Mama, ningemjibu nini? Kivulini anaona. Barabara pana anaiona. Jua likimpiga usoni tu ndipo inakuwa maziwa matupu. Hapo mimi namshika bega, nasoma kila kitu."

"Na wewe ukikohoa?"

Binti akaokota uzi kwenye ngazi.

"Nakuuliza, mwalimu. Ukikohoa?"

"Ana sheria yake. Sauti ikikatika, anasimama."

Mama alitaka kupiga kelele, majirani wote wasikie. Lakini alimjua kaka yake. Huyo, ukimkemea, anakuchekesha mpaka unasahau ulichokuja kukemea. Akampa binti daftari, kisha akalichukua tena. "Kesho kwenye mazoezi wewe unaumwa tumbo. Mimi ndiye msomaji."

"Mama! Wewe hata kwenye bembea hupandi."

"Kesho napanda."

Vumbi alipoambiwa, alicheka mpaka akapigwa mgongo. "Mdogo wangu ndani ya Shangazi! Haya. Funga mkanda, funga na macho ukitaka."

"Mmoja wetu awe anaangalia, kaka," akasema, na akaona cheko la kaka yake limepungua kidogo.

Njia ya mazoezi ilikuwa ya machimbo ya zamani ya kokoto, Jumapili haina malori. Walianza saa tisa na nusu, jua liko mgongoni. Mama alisoma kwa kidole, helmeti imemshuka mpaka kwenye nyusi. "Kulia... tatu. Mia. Kushoto... ngoja... kushoto mbili."

"Kona tumeshaipita, mdogo wangu. Ilikuwa nzuri, ulitakiwa uione."

"Usiende mbio basi!"

"Hii ni gia ya pili. Shangazi anasinzia."

Na lazima isemwe kweli: kaka yake aliendesha vizuri. Mikono ile yenye mishipa ilikuwa imelala juu ya usukani kama imelala juu ya bega la mtu anayempenda. Alibadilisha gia bila gari kushtuka. Kokoto ziliimba chini. Kwa dakika chache mama alisahau kilichompeleka, akajikuta anatabasamu ndani ya helmeti, akaelewa kwa nini mtoto wake alishindwa kukataa.

Ndipo wakageuza upande wa mwisho wa machimbo, jua likawa mbele. Lilijaa kioo chote. Ukurasa wa machimbo nao ulisema, "Jua usoni hapa. Punguza. Nitakushika bega." Mama hakushika bega. Alifunga daftari na kufunga mdomo.

Akahesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Vumbi aligeuza sikio kuelekea kwake, sikio tu, macho yalibaki mbele. Tatu. Akakanyaga breki, Shangazi akaserereka kidogo na kusimama katikati ya njia, vumbi lake mwenyewe likampita na kutangulia.

"Soma, mdogo wangu."

"Nimenyamaza makusudi. Mbele kuna nini, kaka?"

"Barabara."

"Kwenye barabara kuna nini?"

Vumbi alikaza macho. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alikunja uso, akaweka kiganja juu ya nyusi. "Jiwe," akasema mwishowe. "Jiwe kubwa. Au kichaka."

Hatua ishirini mbele yao, mwanamume mmoja alikuwa amepindua baiskeli yake katikati ya njia, anarudisha mnyororo. Alikuwa amesimama sasa, spana mkononi, mdomo wazi, amelikodolea gari macho.

"Ni mtu, kaka."

Vumbi aliegemea kiti. Alizima injini. Bila ngurumo ile, mahali pote pakawa kimya hata wakasikia chuma cha Shangazi kinavyopoa, ti, ti, ti.

"Nilisimama lakini," akasema baadaye. "Sauti ilikatika, nikasimama."

"Ulisimama. Hapa ni tambarare. Mlimani, mtoto akipaliwa na mate, mwamba kulia, korongo kushoto, uko kwenye gia ya nne. Sauti imekatika. Unasimama wapi?"

Alifikiri kwelikweli, kama dereva. Vidole vyake vilisogea kwenye usukani, vikapita kona fulani anayoijua yeye. Kisha vikatulia.

"Hewani, labda," akasema.

Wote wawili wakacheka, kicheko kibaya kinachotoka bila ruhusa, na cha mama kikageuka kilio. Vumbi akavua helmeti yake, akamvua na yeye ya kwake, akamfuta machozi kwa kitambaa chenye harufu ya oili.

"Nilijidanganya, mama," akasema. Akimbembeleza sana dada yake humwita mama. "Nilisema nina macho mawili mabovu na mawili mazima, jumla yanatosha. Sikufikiri kwamba yale mazima ni ya mtoto wa watu."

"Ni wa kwako pia."

"Ndiyo maana." Akachomoa ufunguo, akamwekea kiganjani.

Hapo ndipo walipogundua tatizo jingine. Mama hajui kuendesha hata mkokoteni, na Vumbi amekataa kata kata. "Umeshaniambia sioni. Basi sioni. Gari hili siligusi." Walikaa pale, wakanywa chai ya chupa na mkate, wakamwita mtu wa baiskeli naye akanywa. Ndiye aliyetumwa kumfuata binti. Binti alipofika, ameshika tumbo lisilouma, Vumbi alikuwa ameshahamia kiti cha nyuma, mikono kifuani.

Ilikuwa mara ya kwanza binti kumwendesha Shangazi. "Taratibu na klachi, unamkanyaga mwanamke wa watu!" "Sikia gia, usiilazimishe!" Yule aliyesema hataligusa gari aliliendesha kwa mdomo mpaka nyumbani.

Jumatatu Vumbi alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mbio, dada upande mmoja na mpwa upande mwingine. Kabla ya kuingia binti alimwomba mama yake asimwangalie, maana atalia. Daktari wa mbio aliwakaribisha kwa furaha.

"Vumbi! Macho yale ya mwewe!"

"Daktari," akasema Vumbi, "nenda ukaugeuze ule ubao wako juu chini, halafu uniite tena. Na ukiniita mimi, tuite wote."

Hakumtaja Mzee Koti, hakumtaja mtu. Lakini ubao mpya uliletwa, na siku ya tatu wazee kumi na mmoja walipangwa kwenye korido ya kliniki kama watoto wa darasa la kwanza. Aliyeitwa aliingia kifua mbele. Aliyetoka, wengine walimsoma usoni. Mzee Koti aliingia, akasikika akisema kwa sauti kubwa, "H!", na muuguzi akasikika akisema, "Mzee, hiyo ni picha ya meza." Korido nzima ikavunjika mbavu, hata waliokuwa wanatetemeka.

Watano walianguka. Watano kati ya kumi na mmoja, na wote noti zao zilikuwa zimetoka mkono hadi mkono, msomaji kwa msomaji, kwa nia njema tupu. Kila msomaji alidhani ni mzee wake na wa yule aliyempa noti tu.

Binti hakumsemesha mama yake wiki mbili nzima. Alipita karakana, akaweka mboga mezani, akaondoka. Mama alivumilia. Alijua mtoto yuko hai wa kumnunia, na hilo lilimtosha. Mbio zilipoanza, magari sita yakiwa njiani, wale watano walikuwa wamelazwa wodi moja, kila mmoja jicho moja limefunikwa kwa bandeji nyeupe, wanasikiliza redio na kugombana juu ya kona moja ya miaka thelathini iliyopita.

"Ile ilikuwa kushoto tatu!"

"Kushoto mbili, Koti. Ndiyo maana uliiacha barabara ukaingia shambani."

"Niliingia shambani kununua mahindi!"

Binti alikuja siku ya nne na ramani. Aliitandika juu ya kitanda cha mjomba wake, akawa anawasomea magari yamefika wapi, na wazee wanne wengine wakasogeza vitanda vyao mpaka muuguzi akawafokea. Mama alikaa pembeni, anashona mkono wa sweta. Ilipofika saa ya kuondoka, binti alisimama nyuma yake, akamwekea kidevu juu ya bega, kama zamani. Mama akaacha kushona.

Vumbi, kwa jicho lake moja jipya, aliwatazama wote wawili kwa muda mrefu. "Nawaona," akasema. "Mna mafua au mnalia?" Kisha, kabla hawajajibu: "Nimefikiri. Mbio zijazo mpwa wangu ashike usukani. Mimi nitasoma."

"Kaka!"

"Macho nitakuwa nayo mawili, mazima. Daktari kasema."

Binti akacheka, cheko la kwanza kwa wiki mbili, na mama akajua kwamba miaka mitatu si mingi. Hakubishana nao. Alirudi karakana, akachukua kadibodi ya robota la sponji na kalamu ya wino mzito, akaandika yafuatayo. Kadibodi hiyo imepigiliwa pale mlangoni, kwenye usawa wa macho, herufi kubwa, na hakuna dereva anayerudishiwa kiti chake kabla hajaisoma kwa sauti.

YA KUEPUKA

Usimfichie mzee ugonjwa wa macho kwa sababu unampenda.

Usikariri ubao wa macho, wala usimkaririshe mtu, wala usimpe mwenzako uliouandika.

Usipande gari na dereva anayetaka aambiwe vitu vilivyo mbele yake.

Usiahirishe kupasuliwa mtoto wa jicho kwa ajili ya mbio, harusi, wala safari.

Usicheke tu mzee akijibu kila swali kwa utani. Muulize tena.

Usimwache anayeona ukungu aendeshe jua likiwa usoni, hata mwendo wa taratibu, hata njia anayoijua.

Usipuuze maneno ya mtaani juu ya mtu wako. Usiyatangaze pia. Nenda kaangalie mwenyewe.

Usimtukane mzee anayekukabidhi ufunguo. Mshukuru, umpe chai.

Usimpigie Shangazi mlango.